Ibrahim Alimuuliza Mwanawe



Uandamapo mwezi wa Mfungo Tatu, mazungumzo ya mabarazani huwa ni juu ya mbuzi. Watu huuliza bei, hutazama meno, humkagua mnyama asiwe mwenye chongo, wala kiguru, wala mgonjwa, wala aliyekonda hata akabaki mifupa. Nao wafanya vyema, kwani aibu hizo nne Mtume, rehema na amani zimshukie, alizikataza. Na ya kuwa ng'ombe mmoja atosha watu saba, hilo nalo walio wengi walijua. Sisi twataka kusema juu ya jambo moja lililomo ndani ya kisa chenyewe, ambalo mara nyingi hupitwa mbio ili kufika penye kisu.

Katika Sura ya Assaffat, Mwenyezi Mngu atueleza kuwa Nabii Ibrahim alipoona katika ndoto kuwa amchinja mwanawe (naye, kwa kauli ya wanavyuoni wengi, ni Ismail) hakumvizia usingizini, wala hakumdanganya kuwa waenda kutafuta kuni. Alimwambia wazi aliyoyaona, kisha akamtaka atazame, naye aonaje. Hebu tusimame hapa. Ndoto ya Nabii ni wahyi; amri ilikuwa imekwisha kutoka, na baba hakuwa na hiari. Hata hivyo alimuuliza. Na kijana akajibu kwa ulimi wake kuwa baba atende aliloamrishwa, naye atasubiri, Mngu akipenda. Ndipo aya ikasema kuwa walijisalimisha wote wawili. Wawili, si mmoja! Lau kijana angalifungwa kamba pasi na kuambiwa neno, asingalikuwa na fungu lolote katika ibada ile.

Sasa tuitazame miji yetu. Ni nyumba ngapi ambamo dada mkubwa aliachishwa skuli ili nduguze wasome? Yeye ndiye aliyeamka alfajiri kukaanga mahamri, na mchana akashona kofia penye mwangaza wa dirisha, na fedha zile zikawa ada na viatu vya wengine. Hakuna aliyemuuliza. Leo nduguze wana kazi zao, nao husema kwa fahari kuwa nyumba yao ilijitoa mhanga. Nani aliyejitoa? Atoaye chake ndiye aliyejitoa. Atoaye cha mwenziwe ana jina jingine katika sharia.

Baba akifa mambo huzidi. Nyumba ya urithi hukodishwa, ndugu wanaume wakagawana kodi, na dada akaambiwa asubiri, ajitoe kwa ajili ya umoja wa ukoo. Ilhali Sura ya Annisaa imelitaja fungu la mwanamke, mali iwe kidogo au nyingi, wala haikuliacha litegemee huruma ya kaka. Tuchukue mfano: mtu amefariki akaacha wana wawili wanaume na binti mmoja, wala hana mrithi mwingine. Baada ya kulipwa deni na kutolewa wasia, mali hufanywa mafungu matano, na binti ana moja. Nyumba ikileta shilingi 30,000 kwa mwezi, shilingi 6,000 ni zake. Mwenye kumpa hizo hakumfanyia hisani, amemlipa. Na mwenye kuzizuia, kisha akanunua mbuzi kwazo, ana mbuzi mwenye macho mawili mazima na miguu minne, lakini fedha iliyomnunua haikukaguliwa. Sura ya Alhaj yatufunza kuwa nyama na damu hazimfikii Mwenyezi Mngu. Kimfikiacho ni ucha Mngu wetu.

Pale Madina palikuwa na bibi aitwaye Khansa bint Khidam, aliyekwisha kuolewa kabla, na babake akamwoza mume asiyemtaka. Alikwenda kwa Mtume, naye akaivunja ndoa ile. Baba alikuwa walii wake. Lakini uwalii haukumpa ruhusa ya kumtoa binti pasi na ridhaa yake.

Kaka zetu watasema: "Dada yetu ametusamehe." Ni kweli wako wasamehao kwa radhi zao, na Mwenyezi Mngu atawalipa. Lakini msamaha mwingi tuujuao hutakwa siku ya hitima, kahawa ingali motoni, wazee wamekaa barazani, na mwanamke yuko nyuma ya pazia, hajui hata kodi ya nyumba ni kiasi gani. Aone haya amkatalie nani? Na aambiwe kwanza hesabu yote: nyumba yaleta nini, fungu lake ni ngapi, na kwa miaka iliyopita adai kiasi gani. Kisha apewe fedha zake mkononi, zikae kwake hata mwezi mzima, atumie atakavyo, wala asiulizwe. Akizirudisha baada ya hapo, basi yeye ndiye aliyetoa, na kaka ni wa kumshukuru mbele ya watu wale wale waliokuwa barazani.