Chombo Kilichofanywa Upya

Usione vyaelea, vimeundwa, husema wahenga. Hawakutaja vilivyoundwa mara ya pili, na huko ndiko kwenye swali gumu zaidi. Mtu wa Nshambya, mjini Bukoba, anunuapo pikipiki kuukuu yenye injini ya mipigo miwili, aghalabu hununua chombo kilichokwisha kufunguliwa. Pistoni si ya kwanza, ringi si za kwanza, beringi zimebadilishwa, silinda imechongwa. Je, hiyo ni injini ile ile iliyotoka kiwandani, au ni nyingine iliyovaa jina lake?

Swali hili ni kongwe. Plutarch alieleza jinsi watu wa Athens walivyoihifadhi merikebu ya Theseus, wakitoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika: hawa wakisema ni ile ile, wale wakisema siyo. Sheria ya Tanzania hujibu kwa ufupi: kadi ya usajili huandikwa namba ya injini na namba ya fremu, na mjadala umekwisha. Jibu hilo lamtosha karani, halimtoshi mpandaji.

Jibu jingine limo kando ya karakana. Kibanja cha Mhaya hakina mgomba wa miaka mia. Mgomba huzaa mkungu mmoja, hukatwa, na chipukizi lake hushika mahali pake. Hata hivyo kibanja huitwa cha babu, wala hapana amwonaye msemaji kuwa mwongo. Kinachokifanya kuwa kile kile si shina, bali mfululizo wa malezi: samadi, nyasi zilizotandazwa, na mkono uliojua chipukizi lipi liachwe na lipi ling'olewe. Injini nayo yaweza kuhesabiwa ile ile kwa hoja hiyo, maadamu kila aliyeigusa aliijua hali yake na kumwachia ajaye ujuzi huo.

Hapo swali la utambulisho hugeuka kuwa swali la uaminifu. Injini ya namna hii huvuta hewa na petroli kupitia chumba cha krenki, na oili huenda pamoja navyo. Sili ndogo ya krenki ikichakaa, hewa huingia kwa siri, petroli na oili huwa haba, pistoni hupata moto na kung'ang'ania ndani ya silinda. Gurudumu la nyuma huweza kusimama ghafula, na mtu akaanguka. Plagi hutoa habari mapema: rangi ya hudhurungi ni afya, nyeupe ni joto la kupita kiasi, nyeusi yenye mafuta ni mchanganyiko mzito. Lakini plagi mpya, ikitiwa asubuhi ya mauzo, haina habari ya kutoa.

Silinda nayo ina umri usioonekana kwa nje. Huchongwa kwa hatua, mara nyingi robo ya milimita, na kila hatua hutaka pistoni nene zaidi. Fundi aliyeichonga kwa hatua ya mwisho anajua kwamba anauza ngurumo nzuri na akiba tupu. Je, ana wajibu wa kusema asipoulizwa?

Yupo atakayetetea kimya: mnunuzi ana macho, na bei ni ndogo. Lakini macho hayapenyi chuma, na asiyejua la kuuliza halaumiwi kwa kutouliza. Lipo teto lenye uzito zaidi: fundi maskini asemaye kweli hupoteza mteja kwa jirani asiyesema. Ni kweli, na hapana ahadi ya hakika kwamba hasara hiyo italipwa. Wajibu haukomi kwa kuwa ghali.

Tena afichaye hujipinga mwenyewe. Hutaka bei kwa jina la injini, na jina hilo huishi kwa mfululizo wa ujuzi. Naye ndiye aliyeukata. Karatasi moja yenye tarehe, ikitaja kilichobadilishwa na kilichosalia, ingetosha kuuunga. Mtu akimpa mnunuzi chuma akamnyima habari zake, amemuuzia namba iliyochongwa ubavuni, na gharama ya yaliyofichwa italipwa na mwingine, huenda mlimani, huenda usiku.