Nehemia na Kilio cha Bili
Somo: Nehemia 5:1-15

Wengi wetu tunamjua Nehemia wa kujenga ukuta. Sura ya tano huwa tunairuka, kwa sababu ukuta unasimama kidogo na watu wanaanza kuongea pesa.

Ebu tazama vile mambo yalikuwa. Kazi ya Mungu inaendelea, kila mtu ameshika jiwe, na katikati ya hiyo kazi njema kinatokea kilio. Mstari wa kwanza unataja kwamba wake zao pia walilia, na mimi nashukuru Mungu kwamba hilo liliandikwa. Mama ndiye anajua unga umebaki kiasi gani kabla baba hajajua. Wengine walilia hawana nafaka. Wengine walikuwa wameweka mashamba rehani. Na mstari wa nne, weka kidole hapo, wengine walikuwa wamekopa ili walipe kodi ya mfalme.

Siku hizi kwetu kilio kinatoka kwa mita. Unatuma mia moja kwa M-Pesa, unasubiri ujumbe, unaletewa uniti za kuhesabu kwa vidole. Dada wa saluni anamwambia mteja nywele zitakaukia kwa jua. Mama amerudia makaa, watoto wanasomea tochi ya simu. Halafu unafungua redio unasikia kampuni ya stima imepata faida ya mabilioni! Moyo unachemka. Wengine mmeniuliza baada ya ibada: Pasta, hii si ndiyo ile dhuluma manabii walikemea?

Nilisomea biashara kabla sijaitwa kwa huduma, kwa hivyo nivumilieni na hesabu kidogo. Hasira ya mtu wa Mungu inafaa iwe na ukweli ndani yake.

Mwaka wa fedha ulioishia Juni 2023, Kenya Power ilipata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 3. Ulioishia Juni 2024, ikapata faida ya bilioni 30 baada ya ushuru. Ulioishia Juni 2025, faida ikawa zaidi ya bilioni 24. Nini kilibadilika? Kubwa ni mambo mawili. Shilingi ilipata nguvu: mapema 2024 dola ilikuwa imefika kama shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa kama 130. Kampuni ina mikopo ya pesa za kigeni, kwa hivyo deni lilishuka kwenye vitabu. Hiyo sehemu ya faida haikutoka mfukoni mwa mama mboga. Usiambie watu kwamba bilioni 30 zote ziliibwa. Ukisema hivyo umeshuhudia uongo, hata kama hasira yako ina sababu.

Lakini jambo la pili lilitoka mfukoni mwako. Bei mpya zilianza Aprili 2023. Kabla ya hapo, nyumba iliyotumia hadi uniti 100 kwa mwezi ilihesabiwa kuwa ya kusaidiwa na ikapewa bei ya chini. Mpaka ukashushwa hadi uniti 30. Nyumba yenye taa, televisheni, pasi na friji ndogo haitoshei hapo. Watu wale wale, mishahara ile ile, wakalala ni wa kusaidiwa na wakaamka wanajiweza. Mimi naamini Amosi angepiga kelele hapo. Mungu hana shida na mfanyabiashara akipata faida, na kampuni ya stima inahitaji pesa, kwa sababu transfoma hazinunuliwi kwa sadaka. Swali la Maandiko ni mzigo umewekwa kwa bega la nani.

Na tusisahau serikali ndiyo yenye hisa zaidi ya nusu kidogo ya kampuni hiyo. Angalia pia ule ujumbe wa tokeni, ile sehemu ya gharama zingine. Humo kuna VAT ya asilimia 16, na hiyo haiendi kwa kampuni, inaenda kwa serikali. Kwa hivyo tukiombea viongozi, tuombe tukitaja jambo lenyewe. EPRA ikiita wananchi watoe maoni kuhusu bei, nenda. Kuna mtu anaweza kufunga siku tatu lakini hawezi kukaa saa mbili kwa mkutano wa maoni.

(Wale mmeunganishiwa stima ya wizi, nawasalimu pia. Zaidi ya moja ya tano ya stima inayonunuliwa na kampuni hupotea njiani, nyingine kwa waya mbovu, nyingine kwa wizi, na sehemu ya hasara hiyo inaingizwa kwa bei ya wanaolipa. Usitoe ushuhuda kwamba Bwana amekupa mwanga.)

Sasa rudi mstari wa nne. Watu wa Nehemia walikuwa na mizigo miwili. Mmoja ulikuwa kodi ya mfalme Artashasta, aliyekuwa mbali. Wa pili uliwekwa na ndugu zao wenyewe, Wayahudi wenzao, waliokopesha kwa riba na kuchukua mashamba. Nehemia alikuwa amemhudumia mfalme mezani, angeweza kumwandikia barua. Sura hii haisemi aliandika. Inasema alikasirika, akawaza moyoni mwake, halafu akaita kusanyiko na kuwauliza wakuu kwa nini wanatoza ndugu zao. Wakanyamaza, hawakuwa na jibu.

Mimi nilinyamaza pia nilipofika hapo, kwa sababu nilifikiria ploti zetu.

Chukua ploti ya vyumba nane yenye mita moja kubwa. Kila chumba kinatumia uniti 20 kwa mwezi, taa na kuchaji simu na redio. Kila mmoja angekuwa na mita yake, wote wangekuwa chini ya 30, kwa bei ya chini kabisa. Lakini mita ni moja, na 20 mara nane ni 160. Mita haijui kuna familia nane. Inaona mteja mmoja anayejiweza, aliyepita uniti 100, inamtoza bei ya juu. Kwa hivyo maskini wanane wanalipa kama tajiri mmoja. Halafu mwenye ploti anaweka vimita vidogo kwa kila mlango, na juu ya ile bei ya kampuni anaongeza yake, shilingi kadhaa kwa kila uniti. Mpangaji akiuliza, anaambiwa stima imepanda.

Na huyo mwenye ploti, mara nyingi, yuko viti vya mbele na ni mtoaji mzuri wa fungu la kumi. Namheshimu, na ndiyo maana namwambia hapa badala ya kumsema pembeni.

Najua utajibu: Pasta, nina mkopo wa benki, kuna pampu ya maji, kuna taa za nje usiku kucha. Ni kweli, na gharama ya kweli inafaa kulipwa. Iandike kwenye kodi ya nyumba, mpangaji aione na aamue. Ukiificha ndani ya uniti, umefanya giza la mtu kuwa biashara. Nehemia aliwaambia wakuu warudishe, hata ile sehemu ya mia waliyotoza, na warudishe siku hiyo hiyo. Walikubali, wakaapa mbele ya makuhani.

Soma pia mistari ya 14 na 15. Liwali kabla yake walichukua chakula na shekeli 40 za fedha kutoka kwa watu. Yeye kwa miaka 12 hakula posho ya liwali, ingawa ilikuwa haki yake kisheria. Aliuliza wengine akiwa ameshaanza na meza yake.

Kanisa hili lina vyumba vinne vya kupangisha nyuma, kwa mita moja na ukumbi, vipaza sauti na kila kitu. Wazee wamekubaliana kwamba mita za wapangaji hao zitaombwa kwanza, kila mlango na yake, na wakati tunangojea watalipa bei ile kanisa linalipa, bila kuongezwa.

Wenye ploti wote, wa chumba kimoja na wa ghorofa, tukutane Jumatano baada ya maombi ya jioni, ofisi ya nyuma. Beba jumbe za tokeni za miezi mitatu na daftari la wapangaji, tupige hesabu pamoja. Hakuna jina litatajwa madhabahuni. Chai itakuwepo.