Je, Uovu Una Sura?



Nilipokuja likizo kutoka katika chuo ninachofundisha ugenini, nilipita Kasulu, na huko vijana wawili walinijia na swali. Mmoja ni mwenyeji wa mjini pale, na mwenzake ametoka Kibondo. Wote wawili wangali katika kuitafuta dini, na kwa kuwa ni watafutaji wa kweli, hawaoni haya kuuliza. Wakasema: "Mwalimu, je, yafaa mtu kukaa usiku akitazama sinema ya kutisha, na hivyo kujitia hofu kwa hiari yake?"

Niliwajibu kwamba si haki kukihukumu kitu nisichokiona. Basi baada ya sala ya Isha tuliketi mbele ya kompyuta ya mmoja wao, tukatazama sinema mbili kwa mfululizo: kwanza ya kale, kisha ile iliyotengenezwa upya kutokana na hiyo ya kale.

Ya kwanza yaitwa Nosferatu. Ilitengenezwa Ujerumani na F. W. Murnau mwaka 1922, nayo ni sinema bubu, isiyo na sauti za watu. Kisa chake kilichukuliwa bila ya idhini kutoka katika riwaya ya Dracula ya Bram Stoker. Mjane wa mwandishi huyo alishtaki, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Baadhi zilisalimika, ndiyo maana sisi tumeiona. Mhusika wake mkuu ni bwana wa ngome ya milimani anyonyaye damu za watu, yule ambaye wazee wetu wangemwita mumiani. Ana upara, masikio yaliyochongoka, meno kama ya panya, makucha marefu, na weupe wa maiti. Anasafiri kwa merikebu pamoja na panya wake, na mji anaoufikia unaingiwa na tauni. Mwishowe mwanamke mmoja mwema anajitoa mhanga, anamchelewesha mpaka jogoo anawika, na mwanga wa jua unamteketeza.

Ya pili ilitengenezwa mwaka 1979 na Mjerumani mwingine, Werner Herzog. Mwigizaji wake, Klaus Kinski, amenyolewa kichwa na kupakwa weupe uleule. Lakini huyu anasema, tena anahuzunika. Analalamika kwamba kuishi karne na karne bila ya kupendwa ni adhabu iliyo kubwa kuliko mauti. Na mwisho wa kisa umegeuzwa. Mnyonya damu anakufa alfajiri, lakini mume wa yule mwanamke, aliyeondoka kwake akiwa mtu mwema, sasa ndiye aliyeurithi uovu ule. Anapanda farasi na kwenda zake, wala hakuna wa kumzuia.

Tulipomaliza, kijana wa Kasulu alisema: "Ya kwanza ni bora, kwa sababu mbaya anajulikana tangu anapotokea mlangoni. Hii ya pili inamchanganya mtu."

Kijana wa Kibondo alikaa kimya kitambo, kisha akasema: "Mwalimu, ulionitisha mimi ni weupe ule. Shuleni tulikuwa na mwenzetu mwenye ualbino. Tulimwita zeruzeru, nami nilikataa kuketi naye dawati moja. Leo nimeshtuka kwa sababu nilipomwona yule wa sinema, nilimkumbuka yeye."

Ndugu wasomaji, maneno hayo yalinichoma, kwani mimi pia nilipokuwa mtoto nilifundishwa kutema mate kifuani nikikutana na mtu kama huyo njiani, ili balaa lisinipate. Nilifanya hivyo mara nyingi, na mara moja mwenyewe aliniona. Niliwaeleza vijana wale jambo hilo, maana haikunipasa kumwacha mwenzao akiungama peke yake.

Kutoka pale tulipoketi hadi Kabanga, katika wilaya hiyo hiyo ya Kasulu, si safari ndefu. Yapo mambo yaliyotokea huko ambayo hayakuwa mchezo wa kuigiza. Kuanzia mwaka 2007 hivi nchi yetu ilitikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino, baada ya waganga waongo kueneza ya kwamba viungo vyao huleta utajiri. Watoto wengi hawakuweza tena kulala makwao kwa amani. Kabanga, mahali palipokuwa na shule ya watoto wenye ulemavu, pakawa kimbilio lao. Ng'ambo ya mpaka, huko Ruyigi nchini Burundi, mwendesha mashtaka Nicodème Gahimbare aliwapa watu wenye ualbino hifadhi nyumbani kwake mwaka 2008. Na Septemba 2009 Mahakama Kuu ilipoketi Kahama iliwahukumu adhabu ya kifo watu watatu kwa kumwua mvulana mwenye ualbino.

Hebu tutafakari. Nani alikuwa mnyonya damu katika habari hizi? Watu waliohukumiwa Kahama hawakuwa na makucha wala meno ya panya. Walikuwa watu wa kawaida, ambao wewe na mimi tungewaamkia njiani bila ya wasiwasi. Aliyeogopwa alikuwa mtoto, na waliopaswa kuogopwa walikuwa wakipita mchana kweupe. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako.

Yafaa pia tufahamu ya kuwa ualbino si laana wala si mzuka. Ni upungufu wa ile rangi ya mwili iitwayo melanini, ambao mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili, na mara nyingi wazazi hao wenyewe wana rangi kama ya watu wengine. Katika sinema jua humteketeza mnyonya damu kwa kuwa ni mwovu. Kwetu jua humwunguza mtoto asiye na kosa, na laweza kumletea saratani ya ngozi. Anachohitaji ni kofia, nguo ya mikono mirefu, mafuta ya kujikinga, na kiti cha mbele darasani kwa sababu macho yake huona kwa shida.

Kijana wa Kasulu alipinga: "Lakini Mwalimu, wauaji wale hawakufundishwa na sinema hii." Alisema kweli, nami nilikubali. Waliongozwa na tamaa ya mali na maneno ya waganga. Lakini waganga wale walifaulu kwa sababu walikuta macho yetu yamekwisha kuzoea kusoma uovu katika ngozi ya mtu. Mazoea hayo twayapata katika hadithi za jikoni, katika utani wa shuleni, na katika sinema pia.

Tena kwa haki ni lazima niseme kwamba hata sinema ile ya kale ina onyo ndani yake. Tauni inapoenea, watu wa mji wanatafuta wa kumlaumu. Wanamkimbiza wakala wa mnyonya damu mpaka mashambani, na huko wanaiona sanamu ya kutishia ndege, wanadhani ndiye, wanaivamia na kuirarua. Vijana wangu walicheka sana hapo. Niliirudisha sehemu hiyo tukaitazama mara ya pili, na safari hii hakuna aliyecheka.

Basi jibu langu ni hili. Kuogopa kwa mchezo si dhambi kwa nafsi yake, kwani hata bibi zetu walitusimulia habari za mazimwi. Lakini utakapoinuka na kutoka nje, jipime: sasa unamwogopa nani? Ikiwa unamwogopa jirani yako kwa umbo alilopewa na Muumba wake, sinema hiyo imekudhuru, japo ulicheka. Ikiwa umeogopa lile liwezalo kukua ndani ya moyo wako mwenyewe, kama lilivyokua ndani ya yule mume mwema, basi hofu hiyo ni mlinzi wako. Kurani Tukufu inatufundisha katika sura ya Ar-Rum ya kwamba tofauti za lugha na za rangi zetu ni miongoni mwa Ishara za Mwenyezi Mungu. Anayeitemea mate Ishara ya Mungu na ajiulize anamtemea nani.

Tulipoagana, kijana wa Kibondo aliniuliza kama amtafute yule mwenzake wa shuleni, ingawa miaka mingi imepita na hajui atamwambia nini. Nilimwambia amtafute, na kwamba maneno atayapata atakapoketi karibu naye.

Mwenyezi Mungu atutakase macho yetu na mioyo yetu, na atujalie tuwe kimbilio la wanyonge. Amin.