Ni Orijino?

Siku ya tatu ya kuisafisha ile meza ndipo nilipojua kwamba mbao yake ni picha.

Nilikuwa nimechutama nyuma ya karakana ya mjomba, Kinondo, nafuta ukungu ubavuni mwake kwa kitambaa na mafuta ya mbao. Nikaona jicho la mti, lile doa la mviringo linalobaki pale tawi lilipochomoza. Nikasogea kulia. Jicho jingine, lile lile, na chini yake mstari ule ule uliopinda kama ndoana. Nikasogea tena. La tatu. Hakuna mti unaoota hivyo. Ilikuwa stika: picha ya mbao iliyochapwa kwa rola, na kila rola ikimaliza mzunguko, mti unaanza upya.

Nikamwita mjomba. Kumbe alijua tangu siku ya kwanza.

"Nilikuwa nangoja nione," akasema, "utaipaka mafuta karatasi mpaka lini."

Meza yenyewe ni ya gemu, zile za kutumbukiza sarafu, za mwanzoni mwa miaka ya themanini. Si kabati refu la kusimama mbele yake. Hii ni ya kukaa. Juu ni kioo, skrini imelala chini ya kioo, na wachezaji wawili wanakaa wakitazamana. Zamu ikibadilika, picha inajigeuza juu chini ili yule wa upande wa pili aione sawa. Ilikuwa kwenye baa ya hoteli moja ya ufukweni Diani. Hoteli ikafungwa, vitu vikauzwa kwa mafungu, mjomba akainunua kwa sababu alitaka kile kioo. Hakukitoa. Ikakaa chini ya turubai miaka mingi, kuku wakilala juu yake, mpaka mwaka huu karo ya muhula wa pili ya binamu yangu ilipokwama na mimi nikaropoka kwamba kuna watu Nairobi wanalipa pesa nzuri kwa vitu kama hivi.

"Basi itengeneze wewe," akasema.

Cha ajabu, ndani ilikuwa nzima kuliko nje. Fundi redio wa Ukunda alibadilisha kapasita chache na skrini ikawaka, ikitetemeka kidogo kama mzee anayeamshwa usingizini. Kazi ilikuwa mwilini. Chini ya stika ni chipbodi, na chipbodi ikinywa maji inavimba kama mkate kwenye chai. Miguuni, palipopigwa deki kila asubuhi kwa miaka, ilikuwa imefumuka. Stika nayo ilikuwa imeachia kwenye kona kwa ile chumvi ya hewa ya hapa, imekunjamana, imepasuka.

Na hapo ndipo tulipokosana mimi na mjomba.

Yeye ni seremala wa vitanda na milango. Anafanya mvule, mbambakofi, hata mwarobaini ukimletea, na hana subira na kitu kinachojifanya mti. "Tubandue huo uongo," akasema, "niivalishe vinia ya mvule. Mtu akiigonga asikie mti." Alikuwa na mbao aliyoiweka kwa kazi maalumu, safi, ya rangi ya asali. Ilikuwa zawadi kubwa. Tangu ile marufuku ya 2018 ya kukata miti katika misitu ya serikali, mbao nzuri kwake si kitu cha kuchezea.

Mimi nikataka stika. Stika mpya, ya picha ya mbao, kama ile ya zamani.

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana. "Yaani uongo wenyewe umechoka, umekufa kifo chake, halafu wewe mpwa wangu unataka kuufufua?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilichomwambia siku ile ni kwamba ukiivalisha mvule utapata mbao ya kweli zaidi lakini meza ya uongo zaidi, kwa sababu meza hii haijawahi kuwa mvule. Tutakuwa tumeisingizia ukoo. Akanijibu: "Kwa hivyo ukimkuta mtu mwongo, umwache adanganye, ndio awe yeye?" Akaenda kuswali, akaniacha na swali langu limevunjika mkononi.

Kwa nini walibandika picha ya mbao kwenye mashine ya umeme? Gemu hizi zilianzia kwenye vilabu vya pombe. Pong ya Atari, mwaka 1972, ilijaribiwa kwanza kwenye baa moja ya Sunnyvale, California. Lakini wenye kampuni walitaka waingie pia mahali penye heshima: mikahawa, sebule za hoteli, nyumbani kwa watu. Na ili uingie sebuleni, lazima uvae kama fanicha. Atari ilipotoa mashine yake ya nyumbani mwaka 1977, mbele yake iliwekwa ukanda wa picha ya mbao. Kufikia 1982 ikatoka nyeusi tupu, kwa sababu sasa ilikuwa imeshakaribishwa na haikuhitaji kanzu. Meza za Pac-Man zilizouzwa Marekani na Midway nazo zilikuwa na mbavu za picha ya mbao. Ni nguo ya kuendea ugenini, basi.

Nikajiuliza kama nguo ni uongo. Wapo wanaouza uongo wa mbao hapa hapa, na sote tunaujua. Ufukweni utaona kinyago cheusi kinachong'aa, unaambiwa mpingo, na kumbe ni mti mwepesi uliopigwa kiwi ya viatu. Ukikitia majini kitaelea, mpingo huzama. Kinyago kile kinahitaji usijue. Ukijua, biashara imekufa. Lakini meza? Sidhani kama kuna mtu aliyetumbukiza sarafu pale Diani mwaka 1983 kwa sababu aliamini ubavu wake ni mbao ya thamani. Alitaka kucheza. Angejua, angetumbukiza vile vile.

Baadaye nikakuta kwamba mzozo wetu ni wa zamani. Mwingereza John Ruskin, katika kitabu chake cha 1849, The Seven Lamps of Architecture, aliwashukia vikali watu wanaopaka kitu kimoja kionekane kama kingine, na mbao ya kuchora ilikuwa mojawapo ya makosa hayo. Mjomba angempenda. Lakini Ruskin huyo huyo akaacha mlango wazi: rangi ya dhahabu kwenye jengo si udanganyifu, alisema, kwa kuwa hakuna anayedhani ni dhahabu tupu, kwenye pete au mkufu ni udanganyifu, kwa kuwa hapo watu hudhani. Kwa hivyo uongo hauko kwenye kitu peke yake. Uko kati ya kitu na anayekitazama.

Nilimpelekea mjomba hoja hiyo kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. (Nakiri kwamba kwa hoja hiyo hiyo zile nguzo za zege zinazochorwa magome ya mti kwenye bustani za hoteli hazina hatia, na makuti ya plastiki pia. Bado zinanikera. Lakini ubaya wa sura ni kesi nyingine.)

"Hakuna anayedhani?" akauliza. "Nani alikuwa anaipaka mafuta siku tatu?"

Hapo alinishika, na bado sijafurukuta nikatoka. Watu wa 1983 walijua kwa sababu stika zile zilikuwa kila mahali: kwenye redio, kwenye televisheni, kwenye meza za ofisini. Mimi nimezaliwa baadaye. Ujuzi ule ulikuwa wa wakati wao na haukuandikwa popote kwenye meza. Ulichakaa pamoja nao, na kitu kilichokuwa mzaha ambao kila mtu aliuelewa kikaanza polepole kudanganya watu, bila mtu yeyote kukusudia.

Mwisho mjomba alikubali stika, na si kwa hoja yangu. Tulikuwa tumekaa nje jioni, na ng'ambo ya njia ndiyo Kaya Kinondo. Ni msitu mdogo, kama hekta 30 tu, uliotangazwa mnara wa kitaifa mwaka 1992 na kuingizwa na UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Ukienda na wazee utafungwa kitambaa cheusi kiunoni na utaambiwa masharti, na sharti moja ni kwamba hakitoki kitu mle. Hata kijiti kilichoanguka chenyewe. Mti ukianguka unaozea pale pale. Mjomba ameshika msumeno tangu ujana na hajawahi kuokota hata fimbo mle. Akauangalia ule msitu, akaiangalia mbao yake ya mvule, akasema hawezi kuutoa mti mzuri namna ile ukawe shuka la kufunika chipbodi. "Chipbodi ivae karatasi yake."

Hivyo nikaenda Ukunda kwa vijana wanaovalisha tuktuk stika. Walikuwa na rola ya picha ya mbao, zile zinazobandikwa kwenye kabati za jikoni. Rangi ilikaribiana na ya zamani, haikufanana kabisa. Nikanunua mita nne.

Kubandua ya zamani kulichukua siku mbili, kwa drai ya nywele ya dada yangu na kisu cha puti. Ukiipasha moto polepole inaachia kama ngozi ya maziwa. Ukiharakisha inaondoka na chipbodi. Miguu iliyofumuka niliikata mpaka kwenye sehemu ngumu, nikajaza fila ya magari, nikapiga msasa mpaka mkono ukapita bila kuhisi kiungo. Kisha maji yenye sabuni, stika, na kadi ya zamani ya benki ya kusukumia mapovu kutoka katikati kwenda nje. Kona nilikata kwa wembe. Niliharibu kipande kizima cha ubavu wa kushoto nikakirudia. Mjomba alipita mara kwa mara bila kusema kitu, kisha akachukua kadi mkononi mwangu na kunionyesha pembe ya kuishikia.

Ubao wa nyuma niliuacha na stika yake ya zamani, iliyokunjamana, na hilo halikuwa uvivu. Kuna makubaliano ya wataalamu wa majengo ya kale, Hati ya Venice ya 1964, inayosema sehemu mpya ikae vizuri na za zamani lakini mtu aweze kuitofautisha. Ndani ya kimlango cha sarafu nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: tarehe, kilichobadilishwa, na neno "stika ya Ukunda".

Nikapiga picha, za mbele na za ubavuni, nikazituma kwa vikundi viwili vya WhatsApp. Usiku ule ule mtu wa Nairobi, anayefungua mkahawa, akaandika: "Safi sana. Ni orijino? Kama ni orijino natoa 90."

Karo tuliyokuwa tunatafuta ilikuwa elfu themanini na kitu.

Nilimsomea mjomba. Nilitarajia huyu adui wa stika asimame upande wa ukweli. Akasema, "Mwambie ndiyo."

"Mjomba, si ulisema ni uongo?"

"Ndiyo nasema. Ilikuwa uongo, na sasa ni uongo mpya. Unaweza vipi kudanganya juu ya uongo? Na mtoto asome."

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Kilichonisumbua ni kwamba hoja yangu yote ilikuwa imehama kiti bila kuniaga. Stika ya kwanza iliiga mbao, na haikuhitaji kufichwa. Stika yangu haiigi mbao tena. Inaiga stika ya 1981. Inaiga umri. Na umri ndio hasa anaounua huyu bwana. Hapo meza haiko tena kwenye jengo la Ruskin, imekuwa pete. Ningeweza pia kutosema uongo wowote: nijibu "skrini ni ya mwanzo", jambo la kweli, niache picha zimalizie. Nadhani hilo lingekuwa baya kuliko kusema ndiyo, kwa sababu ningelala vizuri.

Nikaandika: "Skrini, kioo, vitufe na ubao wa nyuma ni vya mwanzo. Mbavu ni stika mpya, nimebandika mwenyewe, miguu ina fila. Nakutumia picha za nyuma uone tofauti."

Tiki mbili za bluu. Siku mbili hakusema kitu, na nyumbani nikawa mtu wa kuepukwa mezani. Binamu yangu ndiye aliyekuwa na haki ya kunikasirikia kuliko wote, maana mimi ndiye niliyekuwa na dhamiri na yeye ndiye aliyekuwa na karo. Hakusema neno. Siku ya tatu yule mtu akaandika: "65."

Alikuja Jumapili na pikapu. Alicheza kwanza, na mjomba upande wa pili, na mjomba akamshinda. Akahesabu pesa. Iliyopungua mjomba aliipata kwa kuuza ile mbao ya mvule kwa seremala mwenzake wa Msambweni. Hilo nililijua baadaye, na si yeye aliyeniambia.

Tulipokuwa tunaifunga kamba, yule bwana akapapasa ubavu. "Lakini mmeipata wapi stika inayoshika hivi kwenye mbao? Maana chini yake ni mbao, si ndio? Zile za zamani zilikuwa mbao kabisa."

Nikafungua mdomo. Mjomba akanitangulia. Akaiweka chini ncha yake ya kamba, akamshika yule mgeni mkono, akamwinamisha mpaka nyuma kwenye stika ya zamani, akamwekea kidole juu ya jicho la mti.

"Sasa sogea kulia," akamwambia. "Hesabu."