Mwenye Elimu Barazani

Zipo mali ambazo kila mtu huzitumia, wala hakuna awezaye kusema, "Hii ni yangu." Bahari ni mojawapo, na katika siku zetu intaneti nayo imekuwa vivyo hivyo. Mwanafunzi husoma humo, mfanyabiashara huagiza humo bidhaa, jamaa walio mbali hujuliana hali, na wagomvi nao hupata humo mahali pa kutukanana. Kitu cha namna hii hakiwezi kukaa bila utaratibu. Basi swali la haki ni hili: ni nani mwenye haki ya kuuweka utaratibu huo?

Wako wanaojibu kwamba ni serikali, maana ndizo zilizokabidhiwa kazi ya kuwalinda raia. Wengine husema ni makampuni, kwa kuwa ndiyo yaliyotandaza nyaya na kutoa fedha. Mataifa yaliyokutana Tunis mwaka 2005 yalikubali jibu la tatu: serikali, makampuni na vyama vya raia washauriane, kila upande kwa kazi yake. Ni jibu jema. Lakini katika pande hizo tatu vyuo vikuu havikuhesabiwa kuwa upande. Azimio la Tunis liliwasifu wataalamu kwa msaada wao, kisha likawaweka ndani ya makundi ya wengine. Yatupasa kuuliza: je, mwenye elimu anacho kiti chake katika baraza hili, au ni mgeni anayengoja kuitwa?

Ni ajabu kwamba swali hilo laulizwa, kwa maana mtandao wenyewe ulizaliwa vyuoni. Mwaka 1969, kwa fedha za Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kompyuta ya Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles iliunganishwa na ile ya taasisi ya utafiti ya Stanford. Kabla ya mwaka kwisha ziliongezeka za Santa Barbara na Utah. Kanuni za mashine hizo kusemezana ziliandikwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi. Mmoja wao, Steve Crocker, aliyeandika waraka wa kwanza mwezi Aprili mwaka huo, hakuuita amri, bali aliuita ombi la maoni. Nyaraka za namna hiyo sasa zimepita 9,000, na zote zachukua jina lile lile. Walioziandika hawakuwa na polisi wala hazina. Kanuni ilifuatwa kwa sababu wenzao waliipima wakaiona yafaa.

Hata hivyo tusiwafanye wasomi kuwa malaika. Kwa miaka mingi Jon Postel, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, alitunza daftari za anwani za mtandao, na watu walimwamini. Mwezi Januari 1998 aliwaomba watunzaji wanane wa mashine kuu za majina waifuate mashine yake, badala ya ile iliyoendeshwa kwa mkataba wa serikali ya Marekani, nao wakakubali. Serikali ikapinga, naye akayarudisha mambo yalivyokuwa. Lakini ilidhihirika kwamba ufunguo wa nyumba ya wote waweza kugeuzwa kwa barua ya mtu mmoja. Mwaka huo huo iliundwa ICANN, shirika la kutunza majina na anwani hizo kwa ushauri wa pande nyingi, na mwezi Oktoba Postel akafariki. Jambo la watu wote halipaswi kutegemea uhai na wema wa mtu mmoja, hata akiwa mwema namna gani.

Basi mwenye elimu asitawale peke yake, wala asiachwe nje. Nchi ya Brazili yatuonyesha njia ya katikati. Kamati yake ya kusimamia intaneti ilianzishwa mwaka 1995, na kwa amri ya mwaka 2003 ikapewa wajumbe 21: tisa wa serikali, wanne wa wafanyabiashara, wanne wa vyama vya raia, watatu wa sayansi na vyuo, na mmoja mjuzi wa mambo ya intaneti. Wafanyabiashara, vyama na wanasayansi huchaguliwa na wenzao. Viti vitatu kati ya 21 haviwezi kushinda kura yoyote. Vyafaa nini basi?

Mwaka 2007, bunge la nchi hiyo lilipokuwa likizungumza sheria ya kuadhibu makosa ya mtandaoni, mwalimu wa sheria Ronaldo Lemos aliandika gazetini kwamba yafaa kwanza itungwe sheria ya kutaja haki za raia, ndipo zifuate adhabu. Neno lile halikupotea. Tangu Oktoba 2009 Wizara ya Sheria, ikisaidiana na chuo cha sheria cha Getulio Vargas mjini Rio de Janeiro, iliweka mapendekezo mbele ya umma, kila mtu aandike maoni yake. Rais Dilma Rousseff aliitia sahihi sheria hiyo tarehe 23 Aprili 2014. Nayo haikuwa mwisho wa shauri: mwaka 2025 Mahakama ya juu ya nchi ilihukumu kwamba sehemu ya kifungu chake juu ya wajibu wa makampuni haipatani na Katiba.

Hapo ndipo tuonapo kazi ya kiti kile. Serikali huja barazani na nguvu ya sheria, mfanyabiashara huja na mtaji, na raia huja na haja zao. Kila mmoja ana kitu cha kutetea, na ni halali yake. Lakini baraza la watetezi watupu hugeuka kuwa soko, ambapo mwenye nguvu hupata na mnyonge hupunguziwa. Wahenga walisema, "Wengi wape". Lakini hesabu ya kura haiwezi kuufanya uongo kuwa kweli. Hapana budi awepo mmoja ambaye kazi yake ni kusema mambo yalivyo, hata kama kweli hiyo haimpendezi yeyote kati ya waliokaa.

Lakini shahidi aliyelipwa na mshitakiwa hafai kitu. Makampuni makubwa ya intaneti hutoa fedha nyingi kwa utafiti wa vyuo, na serikali huweza kumpandisha mwalimu cheo au kumwachisha kazi. Kwa hiyo anayekalia kiti cha elimu aseme waziwazi ni nani aliyemlipa, aonyeshe ushahidi wake ili wengine waupime, na akubali kusahihishwa. Asiyeweza hayo na akae upande wa wale anaowasemea.

Afrika ya Mashariki si mgeni katika mashauri haya. Mwezi Septemba 2011 jukwaa la Umoja wa Mataifa juu ya utawala wa intaneti lilifanyika Nairobi. Sheria za mitandao zinatungwa kwetu pia, nazo zitawagusa watoto wetu kuliko sisi. Viongozi wetu wawaite wataalamu kabla muswada haujakamilika, wala si baada yake ili waupambe. Nao wataalamu wakiitwa, wasiende kutafuta posho na sifa. Taifa limewasomesha kwa jasho la wakulima wake. Deni hilo hulipwa kwa neno la kweli, linaposemwa mbele ya wale wasiotaka kulisikia.