Kura, Yakini na Maisha ya Watoto

Katika vihamba vya mteremko wa Kilimanjaro, ambamo kahawa huota chini ya migomba na maji ya mfongo hulifikia shamba moja mapema na jingine kwa kuchelewa, mtu akidai kwamba mche aliouchagua yeye huzaa kuliko wa jirani yake, ni vigumu kupambanua kama sifa hiyo ni ya mche wenyewe, au ni ya udongo, au ya kivuli, au ya mkono wa mtunzaji. Swali la namna hii ni la kila msimu pale Lyamungu, upande wa Machame, ambako kahawa imetafitiwa tangu mwaka 1934. Ilimu ya kulijibu ilipangiwa kanuni na Ronald Fisher katika mashamba ya Rothamsted, Uingereza, naye akaieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1925: vipande vya ardhi vigawanywe kwa kura, ili upendeleo wa mgawaji usipate mlango wa kuingilia.

Juu ya kahawa, kura haimsumbui mtu dhamiri, kwa kuwa mche hauna mama wa kuulilia. Lakini je, ni halali kupiga kura juu ya mtoto mgonjwa?

Swali hilo lilipata uzito wake kamili katika utafiti ulioitwa FEAST, uliofanywa tangu mwaka 2009 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Ya kwetu ilikuwa Hospitali Teule ya Muheza, katika mji ulio kwenye reli itokayo Tanga kuja Moshi. Walioingizwa ni watoto wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka sawasawa. Mazoea ya hospitali kubwa za ulimwengu yalikuwa kuwamiminia watoto wa namna hiyo maji mshipani kwa haraka, na madaktari wengi walitumaini kwamba desturi hiyo ikifika kwetu itaokoa roho nyingi. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: wa maji ya albumini, wa maji ya chumvi, na wasiomiminiwa kwa haraka; matibabu mengine walipewa wote. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya kundi la kwanza, asilimia 10.5 ya kundi la pili, na asilimia 7.3 ya kundi la tatu. Mwezi Januari 2011 uandikishaji ukasimamishwa kabla ya kutimia idadi iliyokusudiwa, kwa kuwa lililodhaniwa kuwa rehema lilikuwa likiua.

Nasema kwa moyo mkunjufu kwamba kura ile ilikuwa ya haki. Wenye Kurani wanajua kwamba ulezi wa Maryamu uliamuliwa kwa kura, na wenye Biblia wanajua kwamba Mathiya alipatikana kwa kura. Katika hali zote mbili wanadamu walifika mwisho wa maarifa yao wakakiri hivyo mbele ya Mungu. Palipo na ujinga wa kweli, uchaguzi wa tabibu ni dhana iliyovaa joho la yakini, na kura ndiyo iliyo karibu zaidi na insafu. Ila sharti ujinga huo uwe wa kweli: ajuaye dawa ifaayo, kisha akapiga kura, amedhulumu.

Baada ya kura huja hukumu ya hesabu, nayo ina adabu yake. Mchunguzi huanza kwa kukadiria kwamba makundi hayana hitilafu, kama vile mafakihi wanavyoiacha hali ya asili isimame mpaka ushahidi uiondoe. Lau maji yale yasingekuwa na athari yoyote, tofauti kubwa kiasi kile au zaidi ingeletwa na bahati ya kura mara 3 tu katika 1,000. Hatari ya kufa kwa waliomiminiwa ilikuwa mara 1.45 ya wenzao, na mipaka ya imani kwa kiwango cha asilimia 95 ilitoka 1.13 hadi 1.86; namba 1, iliyo alama ya usawa, imebaki nje.

Wengi hudhani maana yake ni kwamba ukweli umo ndani ya mipaka hiyo kwa uwezekano wa 95 katika 100. Jerzy Neyman, aliyeifafanua njia hii mwaka 1937, hakuahidi hivyo. Imani imewekwa juu ya njia: ikirudiwa mara nyingi, mipaka itakayochorwa itauzunguka ukweli mara 95 katika kila 100, na kama mara hii moja imeuzunguka, hiyo ni ghaibu. Sijui unyenyekevu wa ilimu uliotamkwa kwa usahihi kuliko huu.

Tena albumini ilipolinganishwa na maji ya chumvi, mipaka ilitoka 0.78 hadi 1.29, nayo namba 1 imo ndani. Hapo haturuhusiwi kutangaza kwamba viwili hivyo ni sawa. Yaruhusiwa kusema tu kwamba tofauti haikuonekana.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kukataza umiminaji wa haraka kwa watoto wenye mzunguko hafifu wa damu wasiofikia mshtuko kamili. Mintarafu ya watoto waliokaushwa na kuharisha, hao hawakuwamo katika kura ile, na tabibu wa zamu katika hospitali ya KCMC au katika zahanati ya Marangu ampokeapo mmoja wao, maji anayompa yana ushahidi wake mwingine.