Haki ya Kibarua na Dini Yake

 

Katika milima ya Usambara, karibu na Lushoto, pana mahali paitwapo Kwai. Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, walifungua hapo mwaka 1896 shamba la serikali la kujaribia mimea na mifugo ya kwao, kwa kuwa baridi ya milima iliwafaa. Mashamba ya Wazungu yakazidi katika nchi ile, na mashamba hutaka mikono. Lakini Wasambaa walikuwa na makonde yao wenyewe, wala hawakuona haja ya kuyaacha wakalime ya mtu mwingine. Basi mwaka 1907, katika wilaya hiyo iliyoitwa wakati ule Wilhelmstal, ikatoka amri ya kadi: kila mwanamume mzima apewe kadi, na katika kila miezi minne amfanyie Mzungu kazi siku 30 kwa ujira. Ndizo siku 90 katika mwaka. Asiyeitimiza kadi yake hutiwa katika kazi za serikali kwa nguvu.

Sasa huenda mtu akasema: amri ile haikumkataza Muislamu kuswali, dini ilikuwa huru, na kazi tu ndiyo iliyokuwa ya nguvu. Usemi huu ni dhaifu. Swala ina nyakati zake, na mwili unaosimama kuswali ni ule ule ulioandikwa katika kadi. Mwenye kuzimiliki siku za mtu bila ya ridhaa yake amekwisha kuushika na wakati wa swala yake. Na akimwachia, basi amemwachia kwa hisani, na hisani ya leo yaweza kuondoshwa kesho.

Watu wa pwani huijua sana aya ya Surat al-Baqara ifundishayo kwamba katika dini hapana kulazimishana, na huitaja khasa wanapodhulumiwa wao. Lakini wanazuoni wa Kishafii, ambao watu wa pwani hufuata madhehebu yao, hawakuiacha kazi ya kibarua bila ya hukumu. Ijara ni mapatano, na mapatano hayasihi ila kwa ridhaa ya pande mbili. Kisha wakasema kwamba mtu akiajiriwa kwa siku au kwa mwezi, nyakati za swala za faradhi pamoja na kujitwaharisha kwake zimetolewa katika ijara hiyo kwa hukumu ya sharia, wala ujira haupunguzwi kwa ajili yake. Hata wakifika hapo hawakusimama. Walitaja vile vile Yahudi aliyeajiriwa na Muislamu kwa mwezi: siku zake za Sabato nazo zimetolewa, ikiwa ndiyo ada yao ijulikanayo. Na atazame mtu ni nani walioyaandika maneno haya: ni mafakihi wa Kiislamu, katika miji ambayo hukumu ilikuwa mikononi mwao, wala hapana aliyewashurutisha.

Basi Muislamu mwenye duka au jahazi au shamba, aliyemwajiri Mkristo aliyeshuka kutoka Usambara, hana njia ya kumnyima Jumapili yake huku akilalamika kwamba yeye amenyimwa Ijumaa.

Na katika hili pwani ina deni lake. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba watu watatu Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa khasimu wao Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akakhini, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri kibarua, akaipokea kazi yake kwa ukamilifu, asimpe ujira wake. Alipokufa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara, kadiri ya mwaka 1862, jamaa zake Wakilindi walipigana wenyewe kwa wenyewe, na watu huru wa milimani wakakamatwa, wakateremshwa mpaka Pangani wakauzwa. Walionunua walikuwamo Waislamu wenye kuswali safu ya mbele. Ikiwa kadi ya mwaka 1907 ni dhuluma, nayo ni dhuluma, basi ile ya Pangani yaitwaje?

Kanuni za nchi leo zimekaribia maneno ya mafakihi. Haki zilizotiwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984 zinampa kila mtu uhuru wa imani katika ibara ya 19, na ibara ya 25 inakataza kazi ya shuruti. Na sheria ya kazi ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa dini yake. Kwai sasa hulimwa mboga, na vibarua wangaliko. Shauri la wakati wa swala haliamuliwi kwa hakimu kwanza. Huamuliwa kondeni, saa ya adhuhuri, baina ya mwenye konde na aliyeshika jembe.

Na kibarua naye ana mpaka wake. Aliyetolewa kwa kadiri ya udhu na rakaa nne, kisha akalala kivulini mpaka laasiri, amekula ujira usio wake. Lililo bora ni kuyataja haya yote siku ya kupatana, pamoja na khabari ya fedha, kabla jembe halijaingia udongoni.